Namna ya kulifunika gari linalolala nje Nairobi: mvua ya mawe, jua, vumbi na sakitu

Mvua ya mawe ikianza Nairobi, wa kwanza kukuarifu ni bati. Hulia mara moja, mara ya pili, kisha kelele inakuwa moja tu, na mwenye gari lililolala nje hana la kufanya ila kusimama dirishani. Nimesimama hapo. Gari langu, Axio iliyofika kutoka Japani rangi yake ikiwa bado inang'aa, lilikuwa uani kwenye ploti ya Kasarani isiyo na maegesho yenye paa. Nilikuwa nimelivisha kava nyembamba niliyoinunua kwa mchuuzi kwenye foleni ya magari. Mvua ilipopita nikaivua kava nikiamini nimelinda mali yangu. Paa lilikuwa na vibonyeo saba. Boneti, ambayo haikupigwa sana, ilikuwa imejaa mikwaruzo myembamba kama utando wa buibui.

Fundi wa rangi niliyempelekea alipitisha kiganja juu ya boneti, akaniuliza swali moja: "Ulikuwa unaliosha kabla ya kulifunika?" Sikuwa naliosha. Kila jioni nilikuwa natupa kava juu ya vumbi la barabara, upepo unaitikisa usiku kucha, na lile vumbi linasugua rangi kama msasa. Vibonyeo vililetwa na mawe, lakini mikwaruzo niliileta mwenyewe, siku baada ya siku, kwa kava ambayo niliiona kama ulinzi.

Tangu siku hiyo nimejifunza kulifunika gari ipasavyo, na hapa naandika hatua zote kama ninavyozifuata.

Kwanza, jua unajikinga na nini

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na iko nyuzi moja na kitu tu kusini mwa ikweta. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoliumiza gari linalolala nje. Kwanza, jua letu ni kali kuliko linavyohisiwa, kwa sababu hewa ya baridi ya asubuhi inatudanganya. Kadiri unavyopanda juu ndivyo miale inayochoma rangi inavyozidi. Ndiyo maana unaona magari mengi mjini yamebabuka vanishi kwenye paa na boneti huku milango bado ikiwa mizuri. Pili, mawe ya mvua yanayoundwa ndani ya wingu refu hayana safari ndefu ya kuyeyuka kabla ya kufika kwetu. Mombasa yangeyeyuka njiani. Huku nyanda za juu yanafika yakiwa mazima, na ukienda Kericho au vilima vya Nandi utakuta sehemu zinazojulikana duniani kote kwa wingi wa mvua ya mawe. Mwezi Septemba 2008, kule Busara karibu na Nyahururu, mawe yalianguka mengi yakashikamana na kuacha mlima mweupe, watu wakaja kuokota wakidhani ni theluji.

Mawe mengi ya Nairobi ni madogo, kama punje za mahindi au maharagwe, na hayo hayabonyezi bati la gari. Taabu huanza jiwe likifika kipenyo cha sentimita 2 na nusu hivi. Jiwe la ukubwa huo linaweza kushuka kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa au zaidi, na bati la paa la gari la kisasa ni jembamba.

Kisha kuna madogo ya kila siku: maua ya jakaranda kuanzia Septemba hadi Novemba, yanayonata yakilowa, utomvu wa miti, vumbi la Januari na Februari, na vinyesi vya ndege. Aliyewahi kuegesha chini ya miti ya Mombasa Road karibu na uwanja wa Nyayo, pale wanapolala wale korongo wakubwa wenye upara, hahitaji maelezo. Kinyesi cha ndege kikikauka juani kinaila vanishi na kuacha alama ambayo haitoki kwa sabuni.

Kuna jambo moja ambalo kava haiwezi kulizuia, na nalisema mapema ili usitegemee bure: mafuriko. Aprili 2024 watu wa Nairobi waliona maji yakiingia mahali ambapo hawakuwahi kuyaona. Ikiwa unaishi karibu na mto au bondeni na mvua inaahidi kuwa kubwa, usipoteze muda na kava. Lihamishe gari lipelekwe mahali palipoinuka.

Hatua ya kwanza: pima gari, usikadirie

Kava kubwa mno inapeperuka, na inayopeperuka inakwaruza. Ndogo mno inaacha bampa nje na kuchanika kwenye kona. Chukua futi ya fundi nguo, pima urefu kutoka bampa hadi bampa, upana pamoja na vioo vya pembeni, na kimo. Kwa kukisia tu, Vitz ina mita 3.8 hivi, Probox mita 4.2, Axio karibu mita 4.4, Noah kati ya mita 4.6 na 4.7, na Prado inakaribia mita 4.8. Lakini matoleo hutofautiana, na ukiwa na keria juu ya paa au gurudumu la akiba mgongoni, vipimo vya muuzaji havikusaidii. Andika vyako kwenye simu uende navyo.

Hatua ya pili: chagua kitambaa

Hapa ndipo watu wengi tunapoharibu, kwa sababu tunaangalia bei na rangi ya fedha inayong'aa basi. Kava za plastiki tupu zinazuia maji, kweli, lakini zinazuia pia mvuke usitoke. Gari likilala na unyevu chini ya plastiki, asubuhi jua likipiga linakuwa kama limo ndani ya sufuria yenye kifuniko. Rangi inafanya malengelenge na kutu inaanzia pale palipokwaruzika. Msimu wa Juni hadi Agosti, Nairobi ikiwa na mawingu na manyunyu kila asubuhi, unyevu huo haukauki kwa siku nyingi.

Unachotaka ni kitambaa cha tabaka kadhaa kinachopumua: nje kinazuia maji na jua, ndani kina manyoya laini ya pamba au ya aina ile ya vitambaa vya kupangusia gari. Ukiwa dukani fanya majaribio matatu. Weka kitambaa mdomoni upulize. Ukihisi pumzi inapita kidogo upande wa pili, kinapumua. Kisha mwaga maji kidogo juu yake. Yakitengeneza matone na kuviringika, kinazuia maji. Mwishowe, sugua upande wa ndani shavuni mwako. Kama unawasha shavu, utawasha rangi.

Kirinyaga Road, ambako wazee bado wanakuita Grogan, utapata kava za tayari. Mafundi wa viti vya gari na maturubai watakushonea ukiwapa vipimo. Mimi nilishonesha, na nitaeleza sababu.

Hatua ya tatu: godoro la mvua ya mawe

Kava ya kawaida, hata nzuri, haizuii kibonyeo. Kitambaa cha milimita moja kati ya jiwe na bati ni kama shuka kati yako na ngumi. Kinachozuia ni unene unaosambaza pigo, kitu chenye sentimita moja au zaidi.

Nilichofanya ni hiki. Nilikwenda Gikomba kutafuta mikeka ya mazoezi ya mitumba, ile ya sponji ngumu isiyonyonya maji. Sponji ya godoro la kawaida isikuvutie kwa sababu ni rahisi; inakunywa maji, inakuwa nzito, na inabaki mbichi juu ya rangi kwa siku nzima. Fundi alinishonea mifuko mitatu mikubwa kwa upande wa ndani wa kava, mmoja juu ya paa, mmoja boneti, mmoja buti, na kila mfuko una zipu. Kipindi cha mvua naingiza mikeka. Kipindi cha kiangazi naitoa na kava inakuwa nyepesi tena. Upande unaogusa rangi ni kitambaa laini. Sponji haiigusi rangi kabisa.

Fikiria na vioo. Kioo cha mbele kimetengenezwa kwa tabaka mbili zenye utando katikati, kikipigwa hupasuka lakini hushikana. Kioo cha nyuma na vya milango huwa vya aina nyingine, vikipasuka vinamwagika vipande vidogo vidogo. Kwa hiyo kioo cha nyuma ndicho cha kukiwekea mkeka, hasa kwenye gari lenye buti la kuinuka kama Vitz au Demio ambalo kioo kimelala kuelekea mbinguni.

Kama huna uwezo wa kushonesha leo, tumia blanketi. Tandaza shuka safi kwanza, juu yake blanketi mbili nzito zikiwa zimekunjwa, kisha kava juu ya vyote na uikaze. Ni msaada wa dharura, na blanketi lazima zitolewe mvua ikikatika ili zikauke.

Hatua ya nne: safisha, kausha, poza

Hii ndiyo hatua iliyonigharimu, kwa hiyo nitakawia hapa. Gari lenye vumbi lisifunikwe. Si lazima uite mtu wa kuosha kila jioni, wala si vyema kumwaga maji mengi Nairobi hii ya mgao wa maji. Ndoo moja inatosha: ndoo nusu ya maji, kitambaa laini, na unaanza juu ukishuka, paa, boneti, buti, kisha milango. Suuza kitambaa kila baada ya sehemu moja. Usipanguse vumbi kavu kwa kitambaa kikavu, kwa sababu hapo unafanya kwa mkono kazi ileile ambayo upepo ungefanya kwa kava.

Kuna siku huna maji wala nguvu. Siku hiyo, kama anga haitishii mawe, liache gari bila kava. Najua inaonekana kinyume, lakini vumbi lililokaa tu halikwaruzi. Linakwaruza likisuguliwa.

Kisha likaushe. Kisha subiri. Injini na ekzosi iliyotoka kwenye foleni ya Thika Road ina joto la kuyeyusha kitambaa na kukigandisha kwenye bampa. Nusu saa inatosha kwa kawaida. Mlinzi wetu, mzee ambaye amelinda magari kuliko miaka niliyoendesha, aliniona siku moja nikiwa na haraka akanishika mkono, akaniambia, "Kijana, ingia kwanza unywe chai. Gari halina pa kwenda." Tangu hapo chai inakuja kabla ya kava.

Hatua ya tano: kuvisha

Tafuta upande wa mbele wa kava. Kama haujawekewa alama, weka mwenyewe kwa uzi mwekundu. Weka kava ikiwa imekunjwa katikati ya paa, ifungue kuelekea mbele na nyuma, kisha ishushe pembeni. Usiiburute kutoka bampa hadi bampa kama unavyotandika kitanda, maana ukingo wake hubeba mchanga wa chini. Kunja vioo vya pembeni kama vinakunjika. Laza antena au ifungue.

Lastiki ipite chini ya bampa zote mbili. Kisha pitisha mikanda chini ya gari, mmoja mbele ya magurudumu ya nyuma na mmoja nyuma ya magurudumu ya mbele, uifunge kwa vifungo vya plastiki. Vifungo vya chuma vinaning'inia na kugonga milango upepo ukivuma. Kava iliyokazwa vizuri ukiipiga kiganja haipigi makofi. Ikipiga makofi, kaza tena.

Wengine huweka mawe au matofali juu ya ukingo wa kava. Sipendi. Siku moja tofali litaanguka, au mtoto atalirusha.

Andika nambari ya gari juu ya kava kwa rangi kubwa, mbele na nyuma. Kava yenye nambari haiuziki kirahisi, na mlinzi anajua ni ya nani. Kava nzuri inamchelewesha pia mwizi wa vioo vya pembeni, kwa kuwa inabidi aifungue kwanza, na mwizi wa vioo anategemea sekunde.

Kusoma anga

Idara ya Hali ya Hewa, iliyo pale Dagoretti Corner, hutoa utabiri kila siku, na msimu wa Machi hadi Mei na wa Oktoba hadi Desemba mimi huusoma asubuhi kabla ya kutoka. Utabiri ukisema ngurumo za alasiri, mikeka inakaa mifukoni mwa kava. Macho nayo yanasaidia: asubuhi yenye jua kali la kuchoma, saa nane wingu linaanza kusimama kama mnara, chini yake jeusi, halafu ghafla upepo wa baridi unakuja ukiwa na harufu ya mvua. Baada ya upepo huo unaweza kuwa na dakika chache tu.

Mawe yakishaanza, usitoke. Gari linanyooshwa, fuvu halinyooshwi, na mvua hiyo huja na radi. Ukiwa barabarani, tafuta kituo cha mafuta chenye paa au jengo la maegesho. Usisimame chini ya mti, kwa kuwa upepo wa mvua hiyo huangusha matawi, wala usisimame chini ya daraja katikati ya njia ukawafungia wengine.

Soma pia bima yako kabla ya msimu. Ile ya kumlinda mtu wa tatu haitakulipa chochote kwa vibonyeo vya gari lako. Bima kubwa inaweza kulipa, lakini angalia kama majanga ya asili yameandikwa ndani au yanaongezwa kwa malipo. Piga picha za gari likiwa zima, zenye tarehe, uzihifadhi.

Ukienda shagz, yaani kijijini: sakitu ya alfajiri

Desemba na Januari wengi wetu tunapanda nyumbani. Anayekwenda Kinangop, Ol Kalou au sehemu za juu za Limuru anakutana na kitu ambacho gari la Nairobi halikijui: usiku usio na wingu, nyota zimejaa, na alfajiri kioo cha mbele kimekuwa cheupe kwa sakitu. Ardhi na bati hupoteza joto kuelekea anga tupu hadi umande unaganda. Mawingu yangekuwa blanketi; yasipokuwepo, kava inachukua kazi yao. Hapa huhitaji mikeka, kitambaa chepesi kinatosha, hata shuka nene juu ya kioo cha mbele ikiwa imebanwa kwa milango miwili. Lifunike kabla giza halijashika, wakati kioo bado kikavu. Ukifunika kioo chenye umande, shuka inagandia pale pale.

Asubuhi, kama ulisahau kufunika, usimwage maji ya moto. Kioo chenye ufa mdogo kama wa kokoto kitapasuka kuvuka upande hadi upande. Washa gari, elekeza hewa ya moto kwenye kioo, na ukwangue kwa kadi ya plastiki, si kwa kisu wala kijiko. Wipa zisiguswe mpaka zilegee zenyewe. Mpira uliogandia kioo hunyofoka.

Ndugu zetu walio Minnesota au Kanada wana kazi kubwa kuliko hii, na wao hufuata desturi ambazo ni vyema kuzijua ukienda kuwatembelea. Wipa huinuliwa kabla ya kuvisha kava ya kioo. Theluji husukumwa chini kwa brashi laini kwanza, ndipo kava ivuliwe, kwa sababu theluji iliyolowa ni nzito na ukivuta kava nayo juu yake unachana kitambaa au unaburuta barafu juu ya rangi. Kava ikiwa imegandia bodi haivutwi kwa nguvu. Husubiriwa jua liilegeze.

Kuvua na kutunza kava

Kabla ya kuvua, kung'uta vumbi, maua na majani. Kunja pembeni kuelekea juu ya paa, kisha mbele na nyuma kuelekea katikati, ili upande mchafu ubaki umekunjwa ndani peke yake na upande laini usiguse uchafu. Usiitupe chini kwenye changarawe. Mimi nina gunia safi la kuitia.

Lifunue gari angalau mara moja kwa wiki hata kama hulitumii, fungua boneti, angalia panya. Gari lililofunikwa muda mrefu ni nyumba ya joto na giza, na panya wa Nairobi hutafuna nyaya bila kuchagua. Ukikuta manyoya, maganda ya njugu au kinyesi juu ya betri, usisubiri.

Mara moja kwa mwezi fua kava kwa maji baridi na sabuni kidogo ya maji, bila dawa ya kulainisha nguo, kwa kuwa hiyo huziba vitundu vya kupumua. Anika upande wa ndani ukitazama juu, kivulini penye upepo, na usiirudishe kwenye gari mpaka mishono ya kona, inayokauka mwisho, iwe mikavu ukiiminya kwa vidole.